Gari Lililofundishwa Kunywa Kidogo

Kituntu, 14 Septemba 1986

Mume wangu Desderius,

Marahaba. Barua yako imefika na nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilisikiliza. Mara ya pili nilitaka kuhakikisha kwamba Renatha hajaongeza ya kwake, maana mume wake ni katekista, na ile nyumba wamezoea kufafanua.

Unaniuliza kama nimekasirika kwa kuwa ulilipeleka gari la baba yako Mwanza bila kuniaga. Nimekasirika. Nilisikia likinguruma nikadhani unakwenda dukani Kayanga, nikakuwekea ndizi. Ndizi zimelala siku tatu, nikampa mbuzi.

Sasa unasema fundi wako, huyo Gaspari, ataliondolea kiu. Kiu naijua. Marehemu mwanangu Rwezaura alipolinunua kwa wale mapadre waliorudi kwao baada ya vita, alilia juu ya usukani kwa furaha, halafu mwezi uliofuata akalia kwa mafuta. Kwenda Bukoba na kurudi, madebe matatu ya petroli, na hapo uwe umepata kibali cha kuyanunua. Alikuwa ananiambia, "Mama, hili si gari, hili ni bwana harusi. Kila anapofika anataka kunyweshwa." Akacheka. Mimi namkumbuka akicheka, wewe unamkumbuka akihesabu.

Ile keria ya chuma uliyoifungua juu ya gari ili liwe jepesi ipo hapa nyuma ya jiko, kuku wanaruka juu yake. Nimwambie mtu aje aichukue au niiache?

Niambie pia, huyo Gaspari anataka nini hasa. Usizunguke. Mimi sikusoma lakini nasikia mtu anayezunguka hata kwenye karatasi.

Ni mimi Bibi yako,
Kokubanza
(dole gumba langu hapa chini)


Mwanza, 5 Oktoba 1986

Bibi mpendwa, shikamoo,

Sizunguki. Gari la baba lina injini ya petroli ya pistoni sita, na umri wake wanizidi. Gaspari amelifungua akaniita nichungulie. Kabureta imechakaa, mafuta yanapita kama maji kwenye chungu kilichopasuka. Anasema tukibadilisha kabureta, plagi na waya zake, tukavua yale matairi mapana na kuweka membamba, litapunguza debe zima katika safari ya Bukoba. Pia amenionyesha kifaa cha sumaku kinachofungwa kwenye bomba la mafuta. Aliyemuuzia anasema kinayapanga mafuta yaungue yote.

Keria iache hapo. Ni uzito na inakamata upepo. Hiyo peke yake haikutugharimu kitu.

Bibi, nisikilize. Kituntu hakuna gari jingine. Kahawa ya kijiji chote alikuwa anaibeba baba, na malipo ya gunia yalikuwa mazuri. Kilichotuangusha ni mafuta tu. Tukiliponya kiu hili gari, mimi narudi nyumbani, sihangaiki tena mjini kwa watu. Ninataka kurudi, Bibi.

Najua kahawa yako sasa imechanua. Ungempata mtu wa kumuuzia butura, maua kabla hayajawa tunda, msimu mmoja, msimu mmoja tu, ningelipa kila kitu na Juni nikawa hapo kuvuna na kubeba.

Mjukuu wako,
Desderius


Kituntu, 23 Novemba 1986

Mume wangu,

Sumaku inashika sindano. Petroli ina sindano? Mwambie Gaspari akurudishie hela ya hiyo sumaku, kisha aniambie mama yake ni nani nikamsalimie.

Lakini pesa unayo mkononi, aliyekuletea barua hii amekuletea na hiyo. Nimefanya ile butura. Nilisema sitaifanya maishani, kumuuzia mtu kahawa ingali ua, na nimeifanya. Unaelewa ulichoniomba? Mti ni wangu, jembe ni langu, mgongo wa kuinama ni wangu, nitapalilia na nitachuma, halafu tunda ni la mtu.

Mtu mwenyewe ni Polikarpi, yule wa kutoka Muleba. Alikuja na baiskeli yenye kengele, akatembea shambani mikono nyuma kama bwana shamba. Nikamwambia, "Polikarpi, unanusa maua au unanusa shida yangu?" Akasema, "Vyote, Bibi." Angalau hakudanganya. Karatasi hakuandika, serikali inaikataza biashara hiyo. Tumepeana mkono mbele ya Mukashema, jirani yangu, akiwa shahidi.

Nilimuuliza kahawa hiyo ataibeba na nini ikikauka. Akasema, "Bibi, kahawa haikosi gari." Nikafurahi. Nikajua atakuja kwetu, maana magunia hayapandi baiskeli, na gari la Kituntu ni moja. Kwa hiyo hata kahawa niliyoiuza utaibeba wewe, na atakulipa. Alichokitoa mlangoni nimekirudisha dirishani, huyo.

Senene wameanguka kwa wingi. Nimekukaangia mkebe mmoja. Renatha amekula kiganja wakati wa kuufunga, nakwambia ujue kwa nini umepungua.

Msimu mmoja tu, kama ulivyosema.

Bibi yako,
Kokubanza


Mwanza, 18 Januari 1987

Bibi mpendwa, shikamoo,

Heri ya mwaka mpya. Senene nilikula nikiwa nimejifungia, wenzangu wa gereji wasione.

Kabureta imefungwa, matairi yamefungwa. Tumelijaribu barabara ya Magu, kule tambarare, gari tupu. Limepunguza vizuri. Gaspari alipiga makofi. Kisha nikamwambia tulipakie mawe, tulipandishe kilima cha Bwiru mara kumi, kama linavyopanda kwetu. Bibi, limepunguza robo debe. Robo.

Gaspari sasa anasema ukweli aliopaswa kuusema mwezi wa kumi. Anasema injini ya petroli ya ukubwa ule haifundishiki. Ukiipa kabureta ya dhahabu bado itakunywa, kwa sababu inabeba uzito wa gari kwa nguvu ya mafuta mengi. Dawa ni kuitoa yote na kuweka ya dizeli, pistoni nne. Ipo moja, imetoka kwenye lori la samaki lililopinduka, haijachoka. Dizeli inavuta taratibu lakini haina pupa. Safari ya Bukoba, debe moja na nusu. Nusu ya zamani, Bibi.

Bei yake pamoja na kuifunga ni sawa na madebe mia moja na themanini ya mafuta.

Najua. Ukisema niliuze kama chuma chakavu nitaliuza. Sema neno moja tu.

Desderius


Kituntu, 15 Februari 1987

Desderius,

Leo sikuiti mume.

Nimechukua maharage na ungo, nikamwita Renatha aangalie kama nakosea. Kila safari unaokoa debe moja na nusu. Kuyapata madebe mia na themanini, unahitaji safari mia na ishirini. Nimeyapanga maharage yote hayo kwenye ungo, moja moja. Baba yako msimu wa kahawa alikuwa anakwenda mara tatu kwa juma, miezi minne. Hizo ni arobaini na nane. Kwa hiyo ni misimu miwili na nusu ndipo injini inajilipa, baada ya hapo ni faida mpaka unazeeka. Si mbaya. Mtu anayepanda mkahawa anasubiri zaidi ya hapo.

Kwa hiyo neno langu ni hili: weka.

Pesa imepatikana. Usiulize imetoka wapi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza nyama imetoka wapi, mpaka siku nilipokwambia ni yule jogoo wako, ukalala na njaa. Kula.

Na huyo Gaspari mwambie nimemsamehe sumaku, ya kabureta bado.

Kokubanza

Kaka Desderius, hapa ni mimi Renatha, na hili Bibi hajaniambia niandike. Ameongeza butura kwa Polikarpi. Si msimu mmoja tena, ni mitatu: huu, wa themanini na nane, na wa themanini na tisa. Mama Mukashema naye ameuza mitatu hiyo hiyo, kwa sababu alimwona Bibi. Bibi alimwahidi kwamba gari likirudi utambebea kila kitu bure. Wengine wamewafuata, karibu kijiji chote. Watu hapa wanasema kama Kokubanza ameuza, basi kuna jambo zuri analijua. Mungu akulinde.


Mwanza, 29 Machi 1987

Bibi mpendwa, shikamoo,

Imewaka! Injini imewaka mara ya tatu tu kupiga stata. Mlio wake ni tofauti, unakohoa kama mzee anayetafuta fimbo, lakini inavuta. Tumelipakia mawe tena, Bwiru mara kumi. Nimepima mwenyewe kwa kijiti, tangi kabla na tangi baada. Ni debe moja na nusu kwa mwendo wa Bukoba, Bibi, pungufu kidogo. Maharage yako hayakudanganya.

Polepole kwenye mlima, hilo siwezi kukuficha. Mtu anayekimbia analipita. Lakini linafika.

Mwishoni mwa Mei nalipandisha melini. Waambie watu wa Kituntu waanze kushona magunia. Nitabeba kahawa yote, yetu na ya Mama Mukashema na ya kila mtu. Nimeota hata baba amekaa kiti cha mbele ananiambia nibadilishe gia.

Mume wako (naomba niitwe tena),
Desderius


Kituntu, 16 Agosti 1987

Mume wangu,

Nakuita tena, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuita.

Umeondoka kwa miguu. Umelala hapa siku kumi na sita, na asubuhi ya kumi na saba nimekuta ufunguo wa gari juu ya chungu cha maharage na wewe hupo. Baba yako hakuondoka hivyo hata alipokuwa anakufa; aliaga.

Ngoja nikwambie kilichotokea hapa, ili kisiwe kinatembea kichwani mwako peke yake na kuota pembe.

Lori la Polikarpi ni la bluu. Wewe uliliona siku ile limepanda kona ya kanisa, ukasimama na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Mimi nilikuwa nimeliona Mei, kabla hujafika, na sikukuandikia. Nilijiambia labda ni la kuazima, labda litaharibika. Nilikuwa namwombea mtu lori lake liharibike, na rozari mkononi. Kumbe alilinunua kwa kahawa yetu ileile. Alinunua maua kwetu kwa bei ya maua, akayaonyesha mjini kama kahawa, akapewa lori. Mwezi wa kumi na moja anasema "kahawa haikosi gari" tayari alikuwa anaijua rangi yake.

Basi nani tumbebee? Kahawa ya kijiji ni yake, lori ni lake. Nilipanga maharage mia na ishirini kwenye ungo, Desderius, na hata moja sikujiuliza ndani yake kuna gunia la nani. Tuliuza mzigo ili tununue cha kubebea mzigo. Aliyesoma hakuliona. Asiyesoma hakuliona. Nalia na nacheka, Renatha hajui aandike lipi.

Nimechuma mwenyewe, juma la tatu hili. Namchumia Polikarpi kwenye mti aliouotesha marehemu babu yako. Jana anapita ananiambia, "Bibi, usichanganye na mbichi." Mimi! Nikamwambia, "Polikarpi, nilikuwa nachagua kahawa mama yako anakuchagulia jina." Wachumaji wakacheka. Alicheka na yeye. Ana haki ya kucheka.

Mukashema hanisalimii. Anapita mbali, upande wa mfereji. Alinifuata mimi, na mimi nilikufuata wewe.

Gari lipo. Tangu ulipoondoka halijanywa hata kijiko. Nikimwambia mtu hivyo anadhani nalisifu.

Rudi. Hata mikono mitupu. Hasa mikono mitupu, nina kazi ya mikono.

Kokubanza


Mwanza, 20 Septemba 1987

Bibi mpendwa, shikamoo,

Nakiri jambo. Renatha aliniandikia mwezi wa pili kuhusu misimu mitatu, na kuhusu Mama Mukashema. Nilijua. Nilijua pesa inaingia mkononi mwa Gaspari, nilijua injini inaning'inizwa kwenye mnyororo juu ya gari. Ningeweza kusema ishusheni. Sikusema, nilitaka kusikia inawaka. Ndiyo maana sikukuaga. Ningekuaga ningelazimika kukutazama.

Sasa nafunga bolti kwa Gaspari. Hanilipi vibaya.

Polikarpi amenifuata huku. Alikuja na soda mbili kama mkwe. Analitaka gari. Anasema lori haliingii vijia vya Mabira, na kwa abiria linamlia mafuta. Lakini la baba, kwa kiu ile ndogo, litamlipa ndani ya mwaka mmoja. Alipiga hesabu mbele yangu, Bibi, kwa kalamu, na hesabu yake ilikuwa ni ileile ya maharage yako. Mia na ishirini. Yeye anasema atazimaliza kabla ya Krismasi ijayo.

Anatoa hivi: gari zima, na injini yake, kwa kukurudishia misimu miwili, themanini na nane na themanini na tisa. Wizi, najua. Injini peke yake ilitugharimu hiyo. Mwili wa gari, kazi ya baba, anavichukua kama nyongeza.

Lakini miti itakuwa yako tena. Gari lilikuwa la mwanao kabla halijawa langu. Sema wewe. Safari hii sema hapana kama ni hapana.

Desderius


Kituntu, 6 Desemba 1987

Mume wangu Desderius,

Nimempa ufunguo.

Alikuja hapa na shukrani za mdomo tu, nikamwambia akae chini kwenye kigoda, si kwenye kiti. Nikamwambia, "Misimu miwili ni yangu, siyo? Basi siitaki miwili. Nataka themanini na nane yangu, na themanini na nane ya Mukashema. Themanini na tisa kaa nazo, zote mbili." Akasema hilo hawakupatana na wewe. Nikamwambia wewe ulipatana na fundi, na yeye akapatana na wewe, na sasa anapatana na Kokubanza. Alikuna kichwa. Kahawa ya Mukashema ni nzuri kuliko yangu, alijua anapoteza kidogo. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwangu na abiria wa Mabira wako akilini mwake. Akakubali.

Utakasirika. Kasirika. Utasema nimegawa hata hicho kidogo tulichorudishiwa. Yule mama aliacha kwao Rwanda na watoto wawili na sufuria, akapanda ile mikahawa mmoja mmoja kwa mikono yake, halafu akaiuza kwa neno langu. Sikumwachia neno langu likae shambani kwake misimu mitatu. Ijumaa alikuja na viazi. Nikaleta visu viwili. Tumemenya.

Gari linapita hapa kila siku. Watu wanalisifu: linakunywa kidogo, nauli imeshuka, halikwami. Kwa hiyo Gaspari hakusema uongo, na wewe hukusema uongo, na maharage hayakusema uongo. Injini inalipa. Inamlipa Polikarpi.

Jumapili nilikuwa natoka kanisani, mguu unaniuma, likasimama. Amekaa kiti cha baba yako. Akafungua mlango, akasema, "Panda Bibi, wewe ni bure." Watu wote ndani wanaangalia. Nikamwambia, "Bure? Mimi ndiye abiria pekee aliyelipa humo ndani. Funga mlango, unaingiza vumbi." Nikatembea. Limepanda kilima taratibu, kama ulivyosema, linakohoa, mpaka nikawa karibu kulifikia. Kisha likafika juu.

Keria alisahau kuiulizia, na mimi sikumkumbusha. Mume wa Renatha ameniwekea miguu minne ya miti chini yake, imekuwa kichanja. Upepo unapita juu na chini. Nimeanikia maharage, yamekauka kwa siku mbili, na mwezi wa sita nitaanikia kahawa yangu, na ya Mukashema upande wa pili, mahali panatosha. Katika yote mliyolifanyia lile gari ili lituokoe, lililotulipa ni lile mliloling'oa na kulitupa nyuma ya jiko.

Juni uje uvune. Nina miti ya msimu mmoja na mgongo wa nusu msimu. Njoo kwa basi ushukie barabarani, utembee kama mimi. Na ukilikuta limesimama, ukafunguliwa mlango, usipande kwa hasira na usikatae kwa hasira. Mwambie tu kuna mtu anakungoja nyumbani, hapo mbele, na hajala.

Bibi yako,
Kokubanza
(dole gumba langu, lina utomvu wa ndizi, usidhani ni machozi)